Programu Huria katika Ofisi za Tabora: Uchambuzi wa Kinachozuia Kuhama

Suala la kuacha programu za ofisi zinazouzwa kwa leseni na kuhamia programu huria limejadiliwa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 20, na mara nyingi mjadala huo umeishia kwenye hesabu ya fedha: kampuni inauza, jumuiya ya watengenezaji inatoa bila malipo, basi mwenye bajeti finyu achukue kisicholipiwa. Hesabu hiyo ina ukweli wake, lakini haielezi ni kwa nini, baada ya miaka yote hiyo, kompyuta za ofisi za kata, shule na maduka ya stesheneri katika mji kama Tabora bado huandikia barua kwa Word na kupigia hesabu kwa Excel. Uchambuzi huu unashikilia kwamba bei si kizuizi kikuu, na kwamba ubora wa programu huria umekwisha kufikia mahitaji ya sehemu kubwa ya kazi za ofisi. Kinachozuia ni namna watumishi wa ofisi wanavyofundishwa na kuajiriwa, pamoja na muundo wa faili ambamo nyaraka huhifadhiwa.

Tabora inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, mji huu umekuwa njia panda tangu enzi za misafara ya kutoka pwani kwenda Ujiji. Reli ya kati ilipofika mwaka 1912, na baadaye matawi ya kwenda Mwanza na Mpanda yalipojengwa, njia panda hiyo ikawa pia ya karatasi, na hadi leo ofisi zake hupelekeana nyaraka na Kigoma, Katavi, Shinyanga, Mwanza na Dodoma. Pili, Tabora ndiko kulikojengwa Chuo cha Uhazili, ambacho sasa ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, na ambacho kimetoa makatibu muhtasi waliotawanyika katika wizara, mikoa na halmashauri za nchi nzima. Anayetaka kujua nyaraka za serikali huandikwaje, hana budi kuanzia darasa la uhazili.

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake wa chanzo, yaani maelekezo yaliyoandikwa na watengenezaji kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, uko wazi kwa kila mtu, na ambayo leseni yake inampa mtumiaji haki ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadili, kuinakili kwa ajili ya wengine, na kuisambaza ile aliyoibadili. Msingi wa fikra hiyo uliwekwa na Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Leseni ya kibiashara hufanya kinyume: mnunuzi hapati programu, anapata ruhusa ya kuitumia kwa masharti, katika idadi maalumu ya kompyuta, na siku hizi mara nyingi kwa malipo ya kila mwezi au kila mwaka ambayo yakikoma, ruhusa nayo hukoma.

Kwa upande wa programu za ofisi, mfano mkuu ni LibreOffice, yenye Writer ya kuandikia, Calc ya majedwali ya hesabu na Impress ya maonyesho ya slaidi, pamoja na sehemu nyingine tatu. Historia yake inaonyesha faida ambayo haimo katika bei. Chimbuko lake ni StarOffice, bidhaa ya kampuni ya Kijerumani ambayo Sun Microsystems iliinunua mwaka 1999. Mwaka uliofuata Sun iliuweka wazi msimbo wake kwa jina la OpenOffice.org. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, watengenezaji wengi hawakuridhika na mwelekeo wa mmiliki mpya, wakajitenga Septemba mwaka huohuo, wakaunda The Document Foundation na kuendeleza msimbo uleule kwa jina la LibreOffice. Programu imepita mikononi mwa wamiliki watatu, na katika mapito yote hayo mtumiaji hakunyang'anywa kitu, kwa kuwa leseni ilikwisha kumpa haki ambazo mmiliki mpya hakuweza kuzirudisha.

Tanzania haikuwa mtazamaji katika historia hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya ushauri ya Sweden iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, toleo la OpenOffice.org lililotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. Wakati huohuo Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, aliandaa orodha ya maneno ya Kiswahili ya kusahihishia tahajia, ambayo imeendelea kutumika katika programu za ukoo huo. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuweka Kiswahili katika programu zake, na ilipotimiza, ilifanya hivyo kwa kifurushi cha nyongeza kinachowekwa juu ya programu iliyokwisha kununuliwa. Ni vigumu kuamini kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati tu. Ambapo msimbo uko wazi, watu wachache wenye nia wanaweza kuanza kutafsiri bila kuomba ruhusa ya mtu. Na wakishaanza, hata mwenye soko huona haja ya kufanya hivyo.

Hata hivyo Jambo OpenOffice haikuingia ofisini kwa kiasi kilichotarajiwa, na sababu zake zinastahili kutazamwa bila kuoneana haya. Tafsiri ya programu ni kazi isiyokwisha, kwa kuwa kila toleo jipya huja na menyu na maelezo mapya, na kazi iliyoanzishwa kwa fedha za mradi hulegea fedha hizo zinapoisha. Kubwa zaidi ni kwamba mtumishi aliyetarajiwa kuifurahia menyu ya Kiswahili alikuwa amefundishwa kompyuta kwa menyu za Kiingereza, akikariri mahali pa kubofya, hivi kwamba lugha yake mwenyewe ilimpotezea alama za njia. Lugha ilibadilishwa kwenye programu, darasani haikubadilishwa.

Hoja ya bei inahitaji kuangaliwa upya kwa sababu katika mazingira ya Tabora bei haionekani. Leseni ya kudumu ya Microsoft Office kwa biashara ndogo huuzwa kwa takriban dola 250 kwa kompyuta moja, ambayo kwa ofisi yenye kompyuta 20 ni dola 5,000. Lakini ni wachache wanaoulizwa fedha hizo. Katika maduka ya stesheneri ya Mtendeni na kata za jirani, kama ilivyo katika mji wowote wa mkoa nchini, fundi huweka Windows na Office kwa pamoja kwa malipo ya kazi yake tu, akitumia nakala iliyovunjwa ufunguo wa leseni. Muungano wa makampuni ya programu, BSA, ulikadiria kwamba mwaka 2013 asilimia 78 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta nchini Kenya hazikuwa na leseni, na hakuna sababu ya kudhani kwamba upande wa pili wa mpaka hali ilikuwa tofauti sana. Mtu anayeambiwa kwamba LibreOffice haina gharama, ilhali hajawahi kulipia Word, hajaambiwa jambo jipya.

Gharama ya nakala iliyovunjwa hulipwa kwa njia nyingine. Vifaa vinavyotumika kuvunja ufunguo kwa kawaida humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi, kisha huachwa ndani ya kompyuta vikiwa na mamlaka kamili juu yake. Masasisho ya usalama mara nyingi huzimwa ili programu isigundulike. Katibu muhtasi yeyote anaifahamu hali ya kuchomeka flashi na kukuta mafolda yote yamegeuka njia za mkato zisizofunguka, huku faili zenyewe zikiwa zimefichwa na virusi vilivyotoka kwenye kompyuta ya duka la kuchapishia. Isitoshe, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo, kwa hiyo ofisi ya umma inayotumia nakala hizo inavunja sheria ambayo serikali yenyewe inaisimamia. Kitendo kilekile cha kunakili programu kwa flashi na kumpa jirani, ambacho ni kosa kwa programu moja, kwa LibreOffice ni haki iliyoandikwa kwenye leseni; na mahali ambapo bando la intaneti lina gharama, faili moja ya megabaiti mia kadhaa iliyopakuliwa mara moja inaweza kuhudumia kata nzima kihalali.

Hapa ndipo suala la mafunzo na ajira linapopata uzito wake. Kwa miaka mingi tangazo la kazi ya katibu muhtasi katika halmashauri limekuwa na sharti linalofahamika kwa kila mwombaji: awe amehitimu uhazili, awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa idadi fulani ya maneno kwa dakika, na awe na mafunzo ya Windows, Microsoft Office, intaneti, barua pepe na Publisher. Matangazo ya miaka ya karibuni ya mwandishi mwendesha ofisi, cheo kilichochukua nafasi ya kile cha zamani, huzitaja Word, Excel, PowerPoint na Publisher kama mifano ya programu za ofisi. Hatimkato imetajwa kama ujuzi, kwa kipimo cha kasi, bila kuitaja chapa ya kalamu. Kompyuta imetajwa kwa majina ya bidhaa za kampuni moja. Hata pale ambapo bidhaa hizo zimetajwa kama mifano tu, chuo huona usalama katika kuzifundisha hizohizo, na mwanafunzi huona usalama katika kuwa na cheti chenye majina hayohayo. Hakuna mwalimu wa uhazili anayeweza kulaumiwa kwa kumwandaa mwanafunzi wake kwa ajili ya tangazo atakalokutana nalo.

Udhaifu wa utaratibu huo umejidhihirisha kwa Publisher yenyewe. Microsoft imetangaza kwamba baada ya Oktoba 2026 programu hiyo haitahudumiwa tena na itaondolewa katika huduma ya Microsoft 365, jambo ambalo litawaacha wenye mafaili ya vipeperushi, kadi za mialiko na vyeti vya mahafali wakitafuta namna ya kuyafungua. LibreOffice, kupitia sehemu yake ya Draw, imekuwa ikiweza kuyafungua mafaili hayo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013. Walimu wa hisabati na fizikia walipatwa na jambo la namna hiyo mapema zaidi: Januari 2018 Microsoft iliondoa kihariri cha zamani cha milinganyo katika Office kwa sababu ya kasoro ya usalama, na mitihani iliyotungwa kwa kifaa hicho ikaonekana lakini ikakataa kuhaririwa. Mwenye kujenga ujuzi wa watumishi wa umma juu ya bidhaa ya mwingine anakabidhi pia uamuzi wa lini ujuzi huo utakufa.

Kizuizi cha pili, muundo wa faili, hutokea kila siku na ndicho kinachowakatisha tamaa wengi waliokwisha kujaribu. Muundo wa faili ni utaratibu ambao programu huutumia kupanga maneno, majedwali na mitindo ndani ya faili. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Viwango liliidhinisha muundo wa ODF, unaotumiwa na LibreOffice, kuwa kiwango cha kimataifa. Office ya 2007 ikaja na muundo wake wa docx, ambao nao uliidhinishwa mwaka 2008. Programu zote mbili husoma miundo yote miwili, lakini haziisomi kwa ukamilifu uleule.

Barua ya kawaida ya kiserikali inatosha kuonyesha tatizo. Imeandikwa kwa Word kwa fonti ya Calibri, ina anuani upande wa kulia, Kumb. Na. upande wa kushoto, kichwa cha habari, aya nne, na mwisho jina na cheo cha mwenye kusaini, vyote vimetoshea ukurasa mmoja. Ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na Calibri wala fonti ya kuziba nafasi yake, programu huchukua nyingine ambayo herufi zake ni pana kidogo, mistari inaongezeka, na mahali pa saini panahamia ukurasa wa pili peke yake. Mkuu wa idara akiona hivyo husema programu mpya imeharibu barua. Dawa yake ni ndogo: fonti huria ya Carlito imetengenezwa ili herufi zake zilingane upana na za Calibri, na Liberation Serif inalingana na Times New Roman, kwa hiyo zikiwapo, barua inabaki mahali pake. Tatizo hilo hutokea hata ndani ya bidhaa za Microsoft zenyewe, kwani Office mpya imeiacha Calibri na kuifanya Aptos kuwa fonti ya kuanzia, fonti ambayo matoleo ya zamani hayanayo. Pia makatibu wengi hupanga barua kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi badala ya kutumia vituo vya kichupo na mitindo. Waraka uliopangwa hivyo huvurugika ukihamishwa popote, na hilo ni suala la mafunzo, si la programu.

Majedwali ya hesabu yana sura tofauti kidogo. Karani wa chama cha msingi cha ushirika wa tumbaku, zao ambalo Tabora inajulikana nalo, huhitaji jedwali la majina ya wakulima, kilo, madaraja, bei kwa dola, makato ya mbolea na kinachobaki kulipwa. Hesabu hizo Calc huzifanya kwa fomula zilezile za Excel bila shida. Shida huanza pale jedwali linapokuwa na makro, yaani programu ndogo zilizoandikwa ndani yake ili kujiendesha zenyewe, kwa kuwa makro za Excel hufanya kazi ndani ya Calc kwa sehemu tu. Ofisi yenye majedwali ya namna hiyo, au yenye programu ya uhasibu inayotegemea Windows, haina sababu ya kuhamisha kompyuta hizo, na uchambuzi wowote wa kweli lazima uikubali tofauti hiyo.

Uzoefu wa waliotangulia unatoa mwanga juu ya mpangilio wa kazi. Karibu zaidi ni Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, kilichoko Nkozi, ambacho kilihamia programu huria katika miaka ya mwanzo ya 2000. Victor van Reijswoud na Emmanuel Mulo, walioandika juu ya uhamiaji huo, wanaonyesha kwamba ugumu ulikuwa zaidi kwa watu kuliko kwa mashine, na kwamba watumiaji wasipoandaliwa huona wamepewa kitu cha daraja la chini. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilifuata hatua: mwaka 2005 lilihamia OpenOffice likiwa bado kwenye Windows, kisha likabadili kivinjari na programu ya barua pepe, na ndipo kuanzia mwaka 2008 likaanza kuhamia mfumo endeshi wa Ubuntu, wakati askari walikwisha kuzoea programu walizozikuta humo. Jiji la Munich nchini Ujerumani, lililoamua kuhama mwaka 2003 na kuhamisha takriban kompyuta 15,000 kufikia 2013, liliamua mwaka 2017 kurudi Windows baada ya uongozi kubadilika na malalamiko ya watumiaji kurundikana. Mara nyingi Munich hutajwa kama ushahidi kwamba programu huria hazifai, lakini funzo lake ni finyu zaidi: uhamiaji unaotegemea utashi wa uongozi mmoja wa kisiasa, usio na mizizi katika mafunzo na katika taasisi zinazopokea nyaraka, hauvumilii mabadiliko ya uongozi. Tangu 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, nchini humohumo, limeanza kuhamisha kompyuta 30,000 kwenda LibreOffice.

Kwa Tanzania ipo hali moja inayorahisisha jambo hili kuliko ilivyokuwa wakati wa Jambo OpenOffice. Mifumo mikubwa ya serikali imehamia kwenye kivinjari: MUSE ya malipo na uhasibu, iliyojengwa na wataalamu wa ndani na kuchukua nafasi ya mfumo wa Epicor, NeST ya ununuzi, pamoja na PlanRep ya mipango ya halmashauri, zote hufunguliwa kwa intaneti bila kujali kompyuta ina mfumo endeshi gani. Takwimu za vituo vya afya hukusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na kulelewa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba mganga mfawidhi anayetuma takwimu za mwezi kutoka Uyui au Sikonge amekuwa akitumia programu huria kwa miaka, bila semina ya kumshawishi na bila kulalamika, kwa sababu alifundishwa hiyo na kuajiriwa kuitumia. Pingamizi kwamba watumishi wa umma hawawezi kuzizoea programu za namna hii limekwisha kujibiwa na zahanati.

Uamuzi unaobaki ni wa kiutawala, na gharama yake ni ndogo. Windows 10, pamoja na Office za 2016 na 2019, ziliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Kwa hiyo ofisi nyingi zitalazimika kuchagua jambo fulani, hata kama ni kuendelea bila kinga. Kilicho sahihi ni kuanza na LibreOffice juu ya Windows iliyopo, ikiwa na fonti zinazolingana, na kuuacha mfumo endeshi kwa hatua ya baadaye. Kuziacha kando kompyuta za makro na uhasibu. Na kuzitaka ofisi zipokee ODF sawasawa na docx. Juu ya yote hayo, Chuo cha Utumishi wa Umma, kwa kuanzia na kampasi yake ya Tabora, kifundishe uandishi wa nyaraka na majedwali kwa kutumia programu za aina zote mbili, na mamlaka zinazoandika sifa za waajiriwa ziache kutaja bidhaa, zitaje ujuzi: kuandaa barua kwa mitindo, kuunganisha orodha ya majina na barua, kujenga jedwali lenye fomula, kuhifadhi nyaraka katika muundo ulio kiwango cha kimataifa. Muundo wa sasa wa sifa hizo unapaswa kuandikwa upya kabla ya Oktoba 2026, ili mhitimu wa uhazili asiendelee kudaiwa cheti cha Publisher.